DNA ya mama, jenomu nzima au udongo wa pango: uchague ipi kumfuatilia dubu wa zama za barafu?

Una mfupa mmoja wa dubu mezani, bajeti ya kusoma DNA mara moja tu, na msimamizi anayetaka pendekezo la utafiti kabla ya Ijumaa. Hapo ndipo wengi wanaoniuliza hukwama. Wamesoma makala tatu: ya kwanza inasema dubu wa Alaska walitoweka kisha wakarudi, ya pili inasema dubu weupe wote wana bibi wa Ireland, ya tatu inaikana ya pili. Sasa wanataka kujua waanze na DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama tu, wasome jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama, au waachane na mifupa kabisa wakachote udongo wa pangoni.

Nimefanya kazi ya DNA ya kale miaka kadhaa. Njia mbili za kwanza nimezifanya kwa mikono yangu, ya tatu nimeishia kuwa msaidizi. Mkiona naiongelea kwa wivu kidogo, sababu ni hiyo.

Kwanza niseme kwa nini tusitosheke na dubu walio hai. Dubu wa kahawia leo wanapatikana kuanzia milima ya Hispania, kupitia Urusi, hadi kisiwa cha Hokkaido huko Japani, na ng'ambo ya pili Alaska na Kanada. Mtu angedhani ukikusanya damu na manyoya yao ukachora ramani, historia itajieleza yenyewe. Mwaka 2000 ilionekana sivyo. Watafiti walisoma DNA ya dubu saba waliohifadhiwa kwenye ardhi iliyoganda ya Beringia, yaani ile nchi kavu iliyounganisha Siberia na Alaska wakati barafu ilipoyafunga maji na kina cha bahari kikashuka zaidi ya mita 100. Dubu hao waliishi kati ya miaka 42,000 na 14,000 iliyopita. Koo tatu ambazo leo kila moja imejifungia pembe yake ya Amerika Kaskazini zilikuwa zikiishi pamoja miaka 36,000 iliyopita. Kufikia miaka 15,000 iliyopita mchanganyiko huo ulikuwa umekwisha. Aliyesoma ramani ya leo angeapa kwamba koo zile hazijawahi kuonana.

## Vigezo

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo yale yale: swali zinaloweza kulijibu, aina ya sampuli na umri zinaoufikia, mzigo wake wa pesa, kompyuta na uharibifu wa mfupa, na mtego uliojificha ndani yake. Halafu nitasema inamfaa nani.

Kigezo cha mtego nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine, kwa sababu dubu ni mnyama wa kudanganya. Dubu jike akikua huweka makazi yake karibu na alipozaliwa, mara nyingi akipakana na mama yake. Dume huondoka, hutembea mamia ya kilomita, huvuka mito na milango ya bahari, huzaa huko na kuendelea. Mnyama ambaye mama amekaa na baba anatembea, ukimsoma upande mmoja tu unapata nusu ya habari ikiwa imevaa nguo za habari nzima.

## Njia ya kwanza: DNA ya mitokondria

Swali inalolijibu. Akina mama walitoka wapi, walifika lini, na nani alichukua nafasi ya nani. Mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, zina DNA yao wenyewe, duara dogo lenye herufi karibu 17,000, nayo hurithiwa kwa mama peke yake. Haichanganyiki na ya baba, kwa hiyo mti wa ukoo unachoreka kirahisi.

Kazi nzuri ya njia hii ilichapishwa mwaka 2002. Timu ilichukua mifupa mingi ya dubu wa kahawia wa Beringia, ikaipima umri kwa rediokaboni, yaani kaboni ya mionzi inayopungua mfupani kadiri miaka inavyopita, na kuisoma mitokondria. Upande wa Alaska na Yukon ikaonekana pengo: dubu wapo, kisha kuanzia miaka kama 35,000 iliyopita hawapo, hadi miaka 21,000 iliyopita wanaporudi, na waliorudi si wa koo zile zile. Katika kipindi hicho cha pengo mwenyeji wa pale alikuwa dubu mwingine, mkubwa mwenye uso mfupi, na waandishi wakahisi wawili hao walikuwa wanagombania nyama. Miaka miwili baadaye mfupa mmoja wa karibu na Edmonton, Kanada, wenye miaka kama 26,000 ya rediokaboni, ukaonyesha kwamba dubu wa kahawia walikuwa wamekwishapita kusini kabla mabamba ya barafu hayajafunga njia, na ukoo wake ndio ule wa dubu wa kusini mwa Kanada na Marekani wa leo. Kwa muda mrefu wengi waliamini walisubiri barafu iyeyuke ndipo wapite. Mfupa mmoja, kipande kifupi cha DNA, na dhana ya miaka mingi ikaanguka.

Sampuli na umri. Hapa ndipo mitokondria inapozishinda wenzake. Kila seli ina nakala mbili tu za DNA ya kiini, moja ya baba na moja ya mama, lakini ya mitokondria ina mamia hadi maelfu, kwa hiyo mfupa uliochoka bado huwa na kitu. Ndiyo maana tunajua chochote kuhusu dubu wa Afrika. Naam, Afrika ilikuwa na dubu. Waliishi milima ya Atlas hadi zama za kihistoria, na inaaminika wa mwisho walikufa karne ya 19. Mwaka 2008 DNA ya mitokondria kutoka mifupa ya Algeria, nchi ya joto ambako DNA huoza haraka, ilionyesha kwamba baadhi yao walikuwa wa ukoo ambao hauna mfano kwa dubu yeyote aliye hai. Kwa upande wa umri, mitokondria ya dubu wa pangoni, aina nyingine ya dubu iliyokwisha duniani, kutoka Sima de los Huesos, Hispania, imesomwa kutoka mfupa wenye zaidi ya miaka 300,000, tena mahali ambapo hapajagandishwa.

Mzigo. Mwepesi. Unatengeneza chambo, yaani vipande vya DNA vinavyonata kwenye mitokondria ya dubu tu, unanasa unachokitaka na kuacha DNA ya bakteria ipite na maji. Pesa ya kusoma jenomu moja nzuri hutosha mitokondria ya mifupa mingi. Uchambuzi unaweza kuufanya kwenye kompyuta yako ya mkononi, usiku, umeme ukiwepo.

Mtego. Kusini-mashariki mwa Alaska kuna visiwa vitatu: Admiralty, Baranof na Chichagof. Dubu wake ni wa kahawia kwa kila hali, kuanzia rangi na nundu ya mabegani hadi kusimama mtoni wakidaka samaki aina ya samoni. Miaka ya 1990 mitokondria zao ziliposomwa, zikawaweka jirani ya dubu weupe wa Aktiki kuliko dubu wa kahawia wa bara, ambao wako umbali wa kuogelea tu.

Likafuata la Ireland. Dubu wa huko walikwisha zamani, ila mapango yamejaa mifupa yao. Mwaka 2011 mitokondria za baadhi yao zikaonekana kuwa karibu sana na za dubu weupe wote walio hai leo. Magazeti hayakungoja: mama wa dubu weupe ni Mwayalandi! Hesabu za mitokondria zilikuwa pia zimesema, mwaka mmoja kabla, kwamba dubu weupe na wa kahawia walitengana kama miaka 150,000 iliyopita tu, ambayo kwa mnyama aliyebadilika hivyo ni juzi. Data zenyewe zilikuwa sahihi herufi kwa herufi. Kilichokosewa ni kumchukua mama mmoja wa mbali kana kwamba ndiye ukoo mzima. Kesi hii tutaimaliza kwenye njia ya pili.

Inamfaa nani. Mwenye mifupa mingi ya vipindi mbalimbali, mwenye mifupa iliyohifadhiwa vibaya, na anayeuliza habari za kutoweka na kurudi. Pia mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye miaka miwili.

## Njia ya pili: jenomu ya kiini

Swali inalolijibu. Nani alizaa na nani, kiasi gani, na idadi ya dubu ilipanda au kushuka vipi. Jenomu ya dubu ina herufi zaidi ya bilioni mbili, nazo zimetoka kwa mababu maelfu, wa kike na wa kiume. Kwa hiyo hata mnyama mmoja, akisomwa vizuri, ni kama sensa ya ukoo wake wote.

Turudi visiwani. Mwaka 2013 jenomu za dubu wale zikasomwa. Kwenye kromosomu za kawaida, yaani nyuzi za DNA zisizohusika na jinsia, urithi wa dubu mweupe ni kama asilimia 1 tu. Kwenye kromosomu X ni asilimia 6.5. Tofauti hiyo ndiyo inayosema kila kitu, kwa sababu jike ana X mbili na dume ana moja, hivyo X huwakumbuka akina mama kuliko akina baba. Maelezo yaliyotolewa ni haya: mwishoni mwa zama za barafu dubu weupe walibaki visiwani barafu ya bahari ilipojiondokea. Madume ya kahawia yakaogelea kutoka bara, moja leo, jingine baada ya miaka, yakazaa na majike wa pale. Kizazi baada ya kizazi umbo likageuka kuwa la kahawia. Mitokondria, ambayo dume hawezi kuirithisha, ikabaki ya bibi mweupe.

Sisi wa Pwani hatuna haki ya kulishangaa hili. Mwaka 2023 ilichapishwa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo, na katika mji mmoja wa bara. Upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa mno, na upande wa baba wengi walitoka Asia, hasa Uajemi. Aliyesoma mitokondria peke yake angeandika historia moja ya Mswahili, aliyesoma kromosomu Y, inayorithiwa kwa baba, peke yake angeandika nyingine, na wote wawili wangeapa wana ushahidi.

Ya Ireland nayo ilipinduka. Jenomu za dubu wa kale wa huko, zilizochapishwa mwaka 2018, zilikutwa na urithi wa dubu mweupe uliofika hadi asilimia 21.5, ukiwa mkubwa zaidi karibu na kilele cha baridi na kupungua dunia ilipopata joto. Maana yake majike weupe ndio walioingia kwenye ukoo wa kahawia, na bibi wa Ireland alikuwa mgeni pale kisiwani. Tarehe ya kutengana nayo ikasogea: hesabu ya kwanza ya kiini, mwaka 2012, ilitoa miaka kama 600,000, na tangu hapo makadirio yameendelea kuhama, karibu yote yakiwa ya zamani kuliko ile 150,000.

Na mwaka huohuo wa 2018 ikaja nyingine ambayo mimi binafsi ndiyo iliyonivuta kwenye kazi hii: dubu wa kahawia walio hai wana kati ya asilimia 0.9 na 2.4 ya DNA ya dubu wa pangoni, mnyama aliyekwisha duniani miaka zaidi ya 20,000 iliyopita. Mitokondria isingelionyesha hilo hata ungesoma elfu kumi.

Sampuli na umri. Inachagua. Inataka mfupa wa mahali pa baridi, pakavu, au pango lenye joto la chini lisilobadilika. Tena inataka sehemu maalumu ya mfupa: ule mgumu unaolizunguka sikio la ndani, ambao hutunza DNA kuliko sehemu nyingine zote. Mfupa huo ukipatikana maajabu hutokea. Dubu wa pangoni kutoka Kudaro, milima ya Kaukazi, mwenye miaka kama 360,000, alitoa DNA ya kiini bila kuwa amegandishwa. Ila usipange utafiti wako juu ya muujiza wa mwenzako. Mifupa mingi ukiisoma, asilimia 1 au chini ya hapo ndiyo ya dubu. Iliyobaki ni ya bakteria wa udongoni, na wote unawalipia.

Mzigo. Mzito pande zote. Acha nikuonyeshe dakika kumi za kazi yenyewe. Umevaa suti ya karatasi, glavu mbili, barakoa na miwani, meza imefutwa kwa maji ya klorini. Mfupa wa sikio uko mkononi, mdogo, mzito kama kokoto ya mtoni. Keekee inazunguka kwa mwendo wa chini kabisa, maana joto lake likizidi linaivunja DNA kabla hujaipata. Unasikia ncha ikikwaruza, kisha ghafla sauti inabadilika na kuwa kavu zaidi: umefika sehemu ngumu. Unga unaotoka ni mweupe kama sembe. Unahitaji miligramu 50, hazijazi ncha ya kijiko cha chai. Lakini ili kuzipata umelitoboa fuvu ambalo makumbusho imelitunza miaka mia, na hakuna wa kulirudisha. Kwa hiyo mtunza mkusanyo atakuuliza maswali, na ana haki. Upeleke mfupa kwenye picha za CT, zinazoonyesha hadi ndani, kwanza, umwachie nakala.

Baada ya hapo kuna mashine ya kusomea, data zinazojaza diski, na seva ambayo chuo chako huenda hakina.

Mtego. Ipo miwili. Wa kwanza ni kioo unachojitazamia. Vipande vya DNA ya kale ni vifupi, mara nyingi herufi 30 hadi 70, na lazima uvipange juu ya jenomu ya mnyama aliye hai. Ukivipanga juu ya jenomu ya dubu mweupe, vipande vinavyofanana naye hushika vizuri na vingine hudondoka, na dubu wako anaonekana mweupe kidogo kuliko alivyokuwa. Panga mara mbili, kwenye jenomu mbili tofauti, ulinganishe.

Wa pili ni mwelekeo. Kuona kwamba wanyama wawili wamechanganya damu ni rahisi. Kujua nani alimpa nani ni kazi nyingine. Mwaka 2022 timu mbili zilichapisha jenomu za dubu weupe wa kale, mmoja kutoka Poolepynten kwenye visiwa vya Svalbard, Aktiki, mwenye miaka zaidi ya 100,000, mwingine kutoka pwani ya kaskazini ya Alaska, mwenye miaka kama 100,000. Timu moja iliona damu ikitoka kwa weupe kwenda kwa kahawia. Nyingine iliona uzito uko upande wa pili. Wote ni mafundi. Kwa hiyo mtu akikwambia jenomu nzima "inamaliza mjadala", mwulize mjadala upi.

Inamfaa nani. Mwenye mifupa michache mizuri, mshirika mwenye kompyuta kubwa, na swali la uchotara au idadi. Kuhusu idadi kuna sharti: njia ya kukadiria ukubwa wa jamii kutoka mnyama mmoja inahitaji kila herufi iwe imesomwa mara nyingi, si mara moja moja. Bila hivyo grafu itatoka, itapendeza, na itakuwa kelele.

## Njia ya tatu: DNA ya mashapo, yaani ya udongo uliotuama

Swali inalolijibu. Nani alikuwepo hapa, katika tabaka hili. Manyoya, mavi, mkojo, damu na vumbi la mifupa huacha DNA inayonata kwenye chembe za udongo. Pango ni mahali pazuri kwa dubu kwa sababu hulala humo miezi ya baridi, majike huzalia humo, na wazee hufia humo.

Mwaka 2017 timu ya Leipzig, Ujerumani, ilichukua sampuli 85 za udongo kutoka maeneo saba ya akiolojia na kukuta mitokondria za familia 12 za mamalia, dubu wakiwemo. Katika pango la Denisova huko Siberia zilichukuliwa sampuli 728, tabaka kwa tabaka, na ukaweza kuona wanyama na watu wakipokezana pango. Na mwaka 2021, kutoka pango la Chiquihuite huko Meksiko, udongo mtupu ulitoa jenomu za dubu weusi na za yule dubu mkubwa mwenye uso mfupi, si mitokondria pekee. Hakuna mfupa uliotobolewa.

Sampuli na umri. Unachukua kijiko cha udongo kutoka ukuta wa shimo uliokwanguliwa upya, ukianzia chini kwenda juu ili uchafu usidondokee sampuli inayofuata. Kwa umri, mashapo ya baridi kali yamefika mbali kuliko mifupa: udongo wa kaskazini mwa Greenland umetoa DNA ya miaka milioni mbili. Lakini huko ni Greenland.

Mzigo. Makumbusho hayalalamiki, na sampuli moja inakupa wanyama, mimea na hata watu. Bili inakuja kwenye kusoma, kwa sababu DNA ya mamalia kwenye udongo ni tone baharini. Bila chambo utasoma bakteria mpaka pesa ziishe.

Mtego. Hujui unamsoma nani. Sampuli moja inaweza kuwa na dubu mmoja au kumi na mbili, waliopishana kwa miaka mia. Mitokondria zikifanana unaweza kukisia, zisipofanana unabaki na uji.

Tena DNA hutembea. Huko New Zealand, udongo wa pangoni ulikutwa na DNA ya kondoo katika tabaka za wakati ambapo hapakuwa na kondoo hata mmoja visiwani. Ilishuka na maji. Ardhi iliyoganda hupunguza hatari hii, pango lenye unyevu huiongeza. Na dubu mwenyewe ni mchafuzi wa ushahidi wake: huchimba malazi, hivyo udongo wa juu huenda chini na wa chini hupanda juu. Nimesimama kwenye pango moja nikitazama shimo la namna hiyo lililokata tabaka tatu, lina umbo la beseni, safi kabisa. Mchimbaji wetu alilitazama akacheka: "Huyu mzee alitutangulia na koleo."

Mwisho, kwa vipande vifupi, dubu wa kahawia na wa pangoni wanafanana sana. Andika "jamii ya dubu" mpaka uwe na vipande vya kutosha kuandika zaidi.

Inamfaa nani. Mwenye uchimbaji unaoendelea na mwanajiolojia anayezijua tabaka zake, au mwenye eneo lisilo na mifupa kabisa.

## Yanayowahusu wote

Yoyote utakayochagua, weka sampuli tupu pembeni, ile isiyo na mfupa wala udongo, uipitishe hatua zote. Maabara niliyoanzia, siitaji, sampuli yetu tupu ilitoka na ng'ombe na nguruwe. Tulimtafuta mchawi wiki nzima, tukamshuku hata mwenzetu na chakula chake cha mchana. Kumbe ilikuwa ndani ya kemikali zilizonunuliwa, tatizo ambalo watu wa fani wanalijua na wanafunzi hawaambiwi. Wanaofanyia kazi ng'ombe wangechapisha matokeo yale.

Pia rediokaboni inaishia miaka kama 50,000. Mfupa wako ukivuka hapo, umri wake utaukadiria kwa tabaka au kwa saa ya vinasaba, yaani kwa kuhesabu mabadiliko ya DNA, na makadirio hayo yana upana wa kumeza zama nzima ya barafu. Na mfupa kutopatikana si dubu kutokuwepo, hata lile pengo la Alaska lisomwe hivyo: ni ushahidi wenye nguvu kwa sababu mifupa ya wanyama wengine wa kipindi hicho ipo tele pale pale, na ya dubu wa kahawia haipo.

## Kulingana na hali yako

Ukiwa na mifupa 30 ya eneo moja iliyotawanyika katika miaka 40,000, na swali lako ni lini walikuja na lini waliondoka, nenda na mitokondria, na pesa itakayobaki iweke kwenye rediokaboni. Mitokondria bila tarehe ni majina bila kaburi.

Ukiwa na mfupa mmoja au miwili ya sikio kutoka Siberia, Skandinavia au pango la mlima mrefu, usiitumie kwa mitokondria pekee. Soma kidogo kwanza kupima asilimia ya dubu iliyomo. Ikiwa ni chini ya asilimia 1, simama, nasa mitokondria, hifadhi unga uliobaki kwa ajili ya atakayekuja na mbinu bora. Ikiwa ni asilimia 20, tafuta mshirika mwenye seva, na mitokondria utaipata humo humo bure.

Ukiwa na mfupa wa Mediterania, Afrika Kaskazini au Mashariki ya Kati, mitokondria ndiyo matumaini yako ya kwanza. Usimwahidi msimamizi jenomu.

Ikiwa swali lina neno "uchotara" ndani yake, jenomu ya kiini, hata iliyosomwa mara chache, itakusaidia kuliko mitokondria mia. Ongeza kromosomu X ulinganishe na nyingine, uone kama ni mama au baba aliyetembea.

Ikiwa pango linachimbwa sasa hivi, chukua udongo hata kama hujui utaufanyia nini. Tabaka likishachimbwa halirudi. Weka kwenye mirija safi, andika kina, weka kwenye friji. Kuamua unaweza kuamua mwakani.

Na ikiwa hujui hata kama ule mfupa ni wa dubu wa kahawia, wa pangoni, au umeandikwa kimakosa kwenye droo miaka ya 1920, usianze na lolote kati ya haya. Nasa kipande kidogo cha mitokondria, usome, kisha rudi Ijumaa ukiwa na jina la mnyama.